Jicho Halitulii Hata Likitulia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Mikrosakadi, Umakini na Kasi ya Kuitikia

Ukurasa huu umetokana na maswali ambayo nimekuwa nikiulizwa kwa miaka kadhaa hapa Mwanza, darasani na nje ya darasa. Wengi waliouliza ni wanafunzi wa sekondari wanaosoma mfumo wa fahamu, lakini wamo pia madereva wa bodaboda, wavuvi wa dagaa, makocha wa mpira na wazazi. Nimeyapanga kuanzia lile la msingi, kwa sababu asiyeelewa jinsi jicho linavyocheza likiwa limetulia hawezi kuelewa kwa nini mchezo huo unahusishwa na umakini.

Mikrosakadi ni nini?

Mtu aliyekaa ufukweni akakazia macho ncha ya Jiwe la Bismarck huamini kwamba macho yake yametulia pale pale alipoyaweka. Hayajatulia. Wakati wote tunapokazia kitu, jicho huendelea kufanya miendo ya aina tatu iliyo midogo mno kuonekana na mtu aliyesimama mbele yetu. Wa kwanza ni mtetemo mwembamba sana na wa kasi, ambao hausogezi taswira zaidi ya upana wa chembe moja ya kupokea mwanga. Wa pili ni kuelea, yaani jicho husogea polepole bila mwelekeo maalumu, kama mtumbwi ambao haukutiwa nanga siku isiyo na upepo. Wa tatu ndio mikrosakadi: mruko mfupi wa ghafla unaolitoa jicho hapa na kulipeleka pale, mara nyingi kwa macho yote mawili kwa pamoja, na ambao humalizika katika takribani sehemu 25 kati ya elfu moja za sekunde. Hutokea kama mara moja au mbili kila sekunde, ingawa watu hutofautiana.

Ili kupata picha ya udogo wake, nyoosha mkono mbele yako na utazame ukucha wa kidole cha mwisho. Upana wa ukucha huo, mkono ukiwa umenyooka, ni kama digrii moja ya uwanja wa kuona. Kwa kawaida mikrosakadi haifikii digrii moja, na nyingi ni chini ya nusu ya upana huo.

Miruko mikubwa ya macho, ile tunayoifanya kama mara tatu kwa sekunde tunaposoma gazeti au tunapotafuta daladala yetu katika msururu wa magari, huitwa sakadi. Mwaka 1965 watafiti walionyesha kwamba sakadi na mikrosakadi zinafuata kanuni moja: kadiri mruko unavyokuwa mrefu, ndivyo kasi yake ya juu inavyoongezeka, na uwiano huo ni ule ule kuanzia miruko midogo kabisa hadi mikubwa. Kwa sababu hiyo wengi leo wanaziona kuwa kitu kimoja kilichotofautiana kwa ukubwa tu, na maoni yangu ni hayo hayo.

Kwa nini jicho lisitulie tu?

Kwa sababu jicho lililotulia kabisa lingeacha kuona. Anayeshuka kwenye gari pale Mwaloni, Kirumba, hupokewa na harufu kali ya dagaa na samaki wakavu. Akikaa nusu saa akipatana bei, harufu hana habari nayo tena, ingawa magunia yapo pale pale. Chembe za fahamu hujibu mabadiliko, na jambo lisilobadilika hulizoea na kulinyamazia. Chembe za kuona nazo zina tabia hiyo.

Unaweza kulijaribu hili nyumbani. Chukua karatasi nyeupe, weka nukta nyeusi katikati, na umbali wa kama upana wa kiganja kutoka kwenye nukta hiyo paka doa hafifu kwa penseli, kisha lisugue kwa kidole hadi kingo zake zipotee. Shika karatasi karibu na uso, kazia nukta bila kupepesa kwa sekunde 20 au 30, bila kulitazama doa. Watu wengi huliona doa likififia na hata kutoweka, halafu likarudi ghafla macho yanaporuka. Jambo hili lilielezwa na daktari wa Uswisi, Ignaz Troxler, mwaka 1804, na hadi leo linabeba jina lake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti nchini Marekani na Uingereza walipiga hatua zaidi. Walibandika kioo kidogo juu ya lenzi iliyovalishwa jichoni na kupanga mwanga kwa namna ambayo taswira ilisogea kila jicho liliposogea, hata ikabaki mahali pale pale kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Ndani ya sekunde chache taswira ile ilififia. Mwaka 2006 kikundi cha Susana Martinez-Conde kilionyesha kwamba mikrosakadi hupungua muda mfupi kabla ya kitu kufifia machoni pa mtazamaji, na huongezeka kabla ya kitu hicho kuonekana tena.

Hapa ni lazima niweke tahadhari, kwa kuwa nimeona jambo hili likielezwa kwa kutia chumvi. Mikrosakadi si mlinzi pekee wa uoni. Kuelea kwa jicho nako huibadilishia retina taswira kila wakati, na wapo watafiti wazito wanaoshikilia kwamba katika maisha ya kawaida, ambapo kichwa na mwili vinatikisika, kuelea huko kunatosha.

Je, ninaweza kuyaona macho yangu mwenyewe yakicheza?

Kwa kioo, hapana. Ukisimama mbele ya kioo ukahamisha macho kutoka jicho la kushoto kwenda la kulia, hutayaona yakisogea, kwa kuwa ubongo hupunguza uoni wakati wa mruko wenyewe. Njia nyingine hufaulu: tafuta mchoro wa miraba myeusi na myeupe yenye nukta katikati, ukazie nukta hiyo kwa nusu dakika hadi taswira ibaki jichoni, kisha hamishia macho kwenye nukta nyingine iliyo karibu. Kivuli cha miraba, ambacho kimeganda kwenye retina na kusafiri na jicho, kitaonekana kikitangatanga juu ya miraba halisi hata ukijitahidi vipi kukazia. Kutangatanga huko ndiko kucheza kwa jicho lako.

Mbona taa moja ya mbali ziwani huonekana ikitembea usiku wa giza?

Swali hili niliulizwa Igombe na mzee aliyevua dagaa tangu enzi za karabai. Nilimwamkia, akanikaribisha nikae juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akaniambia: "Mwalimu, wenzetu walikuwa wametia nanga, nina hakika, lakini taa yao ilikuwa inakwenda kulia, inarudi, inapanda. Vijana wakaanza kusema ni mambo mengine." Aliona sawasawa, wala hakuwa peke yake katika historia: mvumbuzi Alexander von Humboldt alisimulia kwamba mwaka 1799 nyota alizozikazia macho zilionekana zikitangatanga, na baadaye marubani wanaoruka usiku walifundishwa kutoiamini taa moja wanayoikazia gizani.

Maelezo ni haya. Mchana, jicho linapoelea, kila kitu kwenye retina husogea kwa pamoja, yaani mlima, mawe, mtumbwi na mstari wa maji, na ubongo hutambua kwamba kilichosogea ni jicho. Katika usiku usio na mwezi, ambao ndio usiku wa kuvua dagaa, taa moja inabaki peke yake bila kitu cha kulinganisha nacho. Ubongo hauna ushahidi wa kutosha kusema ni jicho au ni taa, na mara nyingi mzigo huiangukia taa. Mawimbi yanayoutikisa mtumbwi huongeza mkanganyiko, lakini hata aliyekaa kwenye kiti ndani ya chumba chenye giza huona vivyo hivyo.

Dawa yake ni rahisi na mzee yule alikuwa akiitumia bila kufundishwa: usiikazie taa moja. Ilinganishe na ukingo wa mtumbwi wako, na taa nyingine au na nguzo, kisha hamisha macho mara kwa mara. Ikiwa umbali kati ya taa na ukingo haubadiliki, taa haiendi.

Kuna tofauti gani kati ya mahali macho yanapotazama na mahali umakini ulipo?

Tofauti ni kubwa, na ndiyo roho ya mada hii. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali wa hali ya juu, iitwayo fovea, ni ndogo mno. Katikati yake hasa, penye ukali kuliko pote, panafunika kama digrii moja tu, ule upana wa ukucha. Kwa hiyo kwa kawaida tunapeleka macho pale tunapotaka kujua. Hata hivyo kila mtu anajua kutazama kwa pembe ya jicho. Konda wa daladala anaweza kumtazama abiria anayelipa nauli huku moyo wake wote uko kwa mama aliyesimama mbali akipunga mkono; mwanafunzi anaweza kukodolea macho ubao huku akili iko dirishani. Mjerumani Hermann von Helmholtz alilithibitisha hilo katika karne ya 19: alikazia macho nukta moja gizani, akaamua kimoyomoyo kuupeleka umakini upande mwingine, kisha cheche ya umeme ilipomulika herufi zilizotapakaa mbele yake, alizitambua zile za upande aliouchagua ingawa macho yake hayakuhama.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1980, Michael Posner wa Marekani aliuweka uwezo huo kwenye vipimo vya milisekunde, yaani sehemu za elfu za sekunde. Mshiriki hukazia alama ya katikati. Mshale humdokeza upande. Kisha mwanga hutokea, mara nyingi upande uliodokezwa na mara chache upande mwingine, naye hubonyeza kitufe. Mwanga ukitokea upande uliodokezwa, mkono huitikia mapema. Ukitokea upande mwingine, huchelewa. Macho hayakuhama, lakini umakini ulikwishahama.

Sasa mikrosakadi zinahusikaje na umakini huo?

Kwa muda mrefu watafiti wa umakini waliamini kwamba macho ya washiriki wao yametulia kabisa. Mwaka 2002 Ziad Hafed na James Clark, na mwaka 2003 Ralf Engbert na Reinhold Kliegl wa Potsdam, Ujerumani, walichunguza ile miruko midogo iliyokuwa ikitupwa kama takataka za kipimo, wakakuta kwamba haiendi ovyo. Baada ya kidokezo, mikrosakadi zilielekea kuegemea upande ambao umakini ulipelekwa, ingawa baadhi ya aina za vidokezo huzisukuma upande wa pili. Kwa lugha nyepesi, mtu alijizuia kutazama, lakini jicho lilimsaliti kwa sehemu ndogo ya digrii.

Jambo la pili, ambalo kwangu ni imara kuliko la kwanza, linahusu wingi wa miruko hiyo wala si mwelekeo wake. Kitu kipya kinapotokea mbele ya macho, au hata sauti inaposikika, mikrosakadi hupungua ghafla na kufikia kiwango cha chini kabisa kati ya milisekunde 100 na 200 hivi baadaye. Kisha huongezeka kupita kiwango cha kawaida kabla ya kurudi palepale. Umbo hilo la kushuka, kupanda na kutulia limeonekana katika maabara nyingi, kwa binadamu na kwa nyani, na hata mwanafunzi anayeanza kazi hii hulipata akiwa na kifaa kizuri.

Sababu inafuatwa hadi kwenye sehemu ndogo ya ubongo wa kati iitwayo kolikulo ya juu. Sehemu hiyo ina ramani ya uwanja wa kuona: upande mmoja wa ramani huagiza miruko mikubwa, na kadiri unavyosogea upande wa pili miruko inayoagizwa huwa midogo. Mwaka 2009 Hafed na wenzake walionyesha kwa nyani kwamba chembe za ule upande wa miruko midogo ndizo zinazohusika na mikrosakadi. Kwa kuwa ramani hiyo hiyo inashiriki pia katika kuchagua kitu cha kuzingatia, haishangazi kwamba umakini ukiinama upande mmoja, mizani ya ramani nzima huinama kidogo na jicho huteleza kwa mruko mdogo kufuata upande huo.

Je, ni mikrosakadi zinazouhamisha umakini?

Sivyo, kwa ushahidi uliopo. Utafiti uliofanywa kwa nyani na kutolewa mwaka 2022 ulikuta kwamba alama za umakini katika chembe za kolikulo ya juu huonekana hata pale ambapo hakuna mikrosakadi yoyote iliyotokea. Mikrosakadi inafanana na unyasi unaoonyesha upepo unakovuma: ukiinama, kuna upepo, lakini upepo unaweza kuvuma juu yake bila kuuinamisha, na hakuna aliyewahi kuleta upepo kwa kuukunja unyasi.

Basi mtu anaweza kuyasoma mawazo yangu kwa kunitazama machoni?

Hawezi. Mwelekeo wa mikrosakadi na umakini unaonekana kwa wastani, baada ya kukusanya mamia ya majaribio. Katika jaribio moja moja, mruko unaweza kwenda upande wowote. Mwaka 2007 Todd Horowitz na wenzake walipinga hadharani kwamba miruko hii ni kipimo cha kuaminika cha umakini kwa sababu hiyo hiyo, na ubishi wao ulisaidia kuwafanya wote waseme kwa uangalifu zaidi. Anayekuuzia programu ya kugundua mwongo au mfanyakazi mvivu kwa kupima mikrosakadi zake anakuuzia kitu ambacho elimu hii haijakiahidi.

Uhusiano na kasi ya kuitikia uko wapi?

Hapa pana mambo matatu ambayo huchanganywa, nami ningependa yatenganishwe.

La kwanza ni utayari. Mtu anapotarajia kwamba ishara iko karibu kutokea na kwamba atapaswa kuitikia, mikrosakadi zake hupungua wakati ule wa kungoja. Elena Betta na Massimo Turatto wa Italia waliripoti jambo hilo mwaka 2006. Kila aliyewahi kusimama kwenye mstari wa mbio anaijua hali yenyewe kwa mwili wake: pumzi inabanwa, magoti yanakaza, macho yanaganda. Katika kuganda huko, hata ile miruko isiyoonekana inazuiwa, na majibu ya mkono huwa ya haraka zaidi kuliko pale mtu asipojua lini ishara itakuja.

La pili ni kugongana kwa wakati. Mikrosakadi ikitokea karibu sana na kutokea kwa ishara, kuitikia huelekea kuchelewa. Sehemu ya sababu ni ule upunguzaji wa uoni unaoambatana na kila mruko, mkubwa kwa mdogo. Sehemu nyingine ni kwamba ubongo ulikuwa na agizo jingine mkononi. Ucheleweshaji wenyewe huhesabiwa kwa milisekunde, si kwa sehemu kubwa za sekunde.

La tatu ni mahali. Umakini ukiwa tayari upande ambao kitu kinatokea, kuitikia huwahi, na mikrosakadi iliyoelekea upande huo ni dalili ya bahati hiyo. Tafiti za baada ya mwaka 2010 zinaonyesha pia kwamba muda mfupi tu kabla ya mikrosakadi, uoni wa vitu vilivyo upande inakoelekea huimarika kwa kitambo.

Kwa hiyo mtu akisema kwamba mikrosakadi huongeza kasi, muulize ni ipi: iliyotokea lini, ikaelekea wapi. Mruko mmoja unaweza kuwa dalili ya kuwahi na mwingine, milisekunde chache baadaye, dalili ya kuchelewa.

Kwa kawaida binadamu huitikia kwa haraka kiasi gani?

Kijana mwenye afya anayesubiri mwanga mmoja na kubonyeza kitufe kimoja hutumia kati ya milisekunde 200 na 250 hivi. Sauti huwahi kuliko mwanga. Akitakiwa kuchagua kati ya majibu mawili au zaidi muda huongezeka, kama Mholanzi Franciscus Donders alivyopima mwaka 1868. Katika riadha, anayeondoka kabla ya milisekunde 100 tangu mlio wa bastola huhesabiwa kwamba ameanza mapema, kwa kuwa inakubalika kwamba hakuna anayeweza kusikia na kuitikia ndani ya muda huo.

Kocha mmoja aliniuliza kwa nini golikipa wake hudaka mikwaju ya mbali lakini penalti humpita. Hesabu inajibu. Mpira uliopigwa kwa kilometa 100 kwa saa kutoka mita 11 hufika golini kwa takribani milisekunde 400. Ukitoa muda wa kuona na kuanza kuitikia, unabaki na chini ya robo ya sekunde ya kuruka hadi kwenye nguzo. Ndiyo maana golikipa mzuri hausubiri mpira; husoma nyonga, bega na mguu wa mpigaji unaokanyaga kabla mpira haujaguswa. Kilichomwahisha ni kujua mahali pa kupeleka umakini.

Mimi ni dereva wa bodaboda. Je, mikrosakadi zinaweza kunisababishia ajali?

Niruhusu nijibu kwa namba. Kwenye kilometa 50 kwa saa, pikipiki inakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mruko mdogo ukikuchelewesha kwa milisekunde 20, umesogea sentimeta 28 hivi, ambazo ni chini ya urefu wa rula ya shule. Ukiinama kusoma ujumbe kwenye simu kwa sekunde mbili, umekwenda mita 28 bila kuiona barabara, kisha unaongeza muda wa kutambua, kuamua na kushika breki, ambao barabarani huweza kufika sekunde nzima au zaidi kwa jambo usilolitarajia. Mtoto anayekimbilia mpira hahitaji muda wote huo kufika katikati ya njia.

Nasisitiza hili kwa sababu nawapenda vijana hawa na nimewapoteza wawili niliowafundisha. Mikrosakadi zako ziache. Zina kazi yake na huzitawali. Vilivyo mikononi mwako ni simu, mwendo, na usingizi wa usiku uliopita.

Uchovu huzibadilisha mikrosakadi?

Ndiyo. Mtu aliyefanya kazi ya macho kwa muda mrefu bila kupumzika hufanya miruko yenye kasi ndogo kuliko kawaida yake, na dalili hiyo imeonekana katika sakadi kubwa na katika mikrosakadi pia. Kazi ngumu ya akili, kama kuhesabu kichwani kwa kurudi nyuma, nayo huzipunguza idadi na kuzikuza kidogo ukubwa, jambo lililoripotiwa mwaka 2014. Wapo wanaotarajia kwamba siku moja vifaa vya ndani ya gari vitamwonya dereva kwa dalili hizi. Kwa sasa, dereva anayetoka Dar es Salaam usiku ana ishara zilizo wazi zaidi: miayo, kope nzito, na kilometa alizozipita bila kuzikumbuka.

Ninaweza kufanya mazoezi ya kuzizuia ili niwe na shabaha?

Kwa kiasi fulani watu wanaweza. Mwaka 1967 Robert Steinman na wenzake walionyesha kwamba mtu akiagizwa kulishikilia jicho litulie, badala ya kuagizwa kukazia tu, hupunguza mikrosakadi zake bila kuupoteza mwelekeo. Mwaka 1976 ikaripotiwa kwamba watu wanaotunga uzi kwenye sindano au wanaolenga bunduki huzipunguza wenyewe, hasa katika sekunde za mwisho.

Nilikwenda kuangalia jambo hilo kwa fundi wa nyavu, kijana anayeketi chini ya mwembe na wavu ukiwa umetandikwa juu ya magoti yake. Alilamba ncha ya uzi, akaisokota kwa vidole viwili, akasogeza sindano hadi karibu na pua, na kwa kitambo kifupi kila kitu chake kikasimama: mdomo, pumzi, hata mguu uliokuwa ukigonga mchanga kufuata redio. Uzi ukapita. Nilichokiona kwa macho hakiwezi kuniambia mikrosakadi zake zilifanya nini, maana hazionekani. Lakini mwaka 2010 watafiti waliurudia mchezo huo wa sindano na uzi kwenye skrini, wakiwa na kifaa cha kupima kwa usahihi mkubwa, wakapata picha tofauti na ile ya mwaka 1976: mikrosakadi zilikuwa zikihamisha mtazamo kwa ustadi kati ya ncha ya uzi na tundu la sindano, kulingana na mahitaji ya kazi. Naona matokeo yote mawili yanaweza kusimama pamoja. Jicho hurukia pale panapohitajika kuonekana, na hujizuia pale ambapo kuruka kungevuruga.

Kwa hiyo anayetaka shabaha na afanye mazoezi ya shabaha. Macho yatajipanga kuifuata kazi.

Kope langu la kushoto linacheza. Je, hiyo ni mikrosakadi?

Hapana. Kinachocheza hapo ni msuli wa kope, si mboni, na mara nyingi huchochewa na uchovu, usingizi mdogo, wasiwasi au kahawa nyingi. Najua wengi hulisoma kama dalili ya mgeni au ya habari inayokuja. Kitabibu, kope linalocheza kwa kawaida hutulia lenyewe. Lisipotulia kwa wiki kadhaa, au uso nao ukianza kukaza, onana na daktari.

Macho ya mtoto wangu huchezacheza wakati wote na ninayaona. Nifanye nini?

Mpeleke kliniki ya macho, wala usingoje akue. Mikrosakadi hazionekani kwa macho matupu. Ukiyaona macho yakienda na kurudi bila kukoma, hiyo ni hali nyingine ambayo madaktari huiita nistagmasi, na inaweza kuambatana na uoni hafifu unaohitaji kushughulikiwa mapema. Mtu mzima ambaye macho yake yameanza kuchezacheza ghafla, hasa akiwa na kizunguzungu, kuona viwili viwili au udhaifu wa upande mmoja, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Simu yangu inaweza kuzipima?

Kamera ya simu inayopiga picha 30 kwa sekunde huacha milisekunde 33 kati ya picha moja na nyingine, na mikrosakadi nzima inaweza kuanza na kwisha ndani ya pengo hilo. Maabara hutumia kamera za picha 500 hadi 1,000 kwa sekunde, kichwa kikiwa kimeegemezwa kwenye kishikizo ili kisisogee.

Kasi ya kuitikia, hata hivyo, mnaweza kuipima darasani bila umeme. Mmoja ashike rula wima kwa ncha ya juu. Mwenzake aweke kidole gumba na cha shahada pande mbili za alama ya sifuri, bila kuigusa. Rula iachiwe bila kuonywa, naye aidake. Akiidakia kwenye sentimeta 15 ametumia kama milisekunde 175. Kwenye 20, kama 200. Kwenye 25, kama 225. Kwenye 30, karibu 250. Rudieni mara kumi na mchukue wastani, kwa maana mdako mmoja una bahati ndani yake. Kisha rudieni mara kumi nyingine, safari hii anayeachia ahesabu kwa sauti moja, mbili, tatu na kuachia kwenye tatu, na mziandike namba za awamu zote mbili ubavuni kwa ubavu. Mara ya tatu, mdakaji asiitazame rula bali akazie macho saa ya ukutani huku akiifuatilia rula kwa pembe ya jicho.